Alizeti ya Kibaigwa na tenki la Fuso: mashamba yetu yanaweza kuendesha nchi?

Gunia la alizeti la kilo 65 hivi, lisilo na lumbesa (ile nyongeza inayofura juu ya mdomo wa gunia), likipita kwenye mashine ya kukamua pale Kibaigwa, Dodoma, halijazi dumu la lita 20. Utapata lita 17 au 18, mbegu zikiwa zimekauka sawasawa na mashine imeshapata moto. Kinachobaki ni mashudu ya kuku na ng'ombe. Ekari moja ya mkulima wa kawaida wa Kongwa au Mpwapwa, mwaka ambao mvua haikumtupa, hutoa magunia sita hivi. Zidisha mwenyewe: lita 102, ukibahatika 108.

Sasa mtazame dereva wa lori la Fuso anayeteremka na mzigo kutoka Dodoma mjini hadi Dar es Salaam, kilomita 450 na kitu. Gari limejaa, kuna milima ya Gairo, kuna foleni ya kuanzia Kibaha. Tenki litakuwa limekunywa lita 115 au 120 kabla hajaegesha. Kwa maneno mengine, ekari nzima ya alizeti, pamoja na kulima, kupanda, kupalilia mara mbili na kufukuza ndege mwezi mzima, ni karibu sawa na safari moja ya Fuso, ya kwenda tu. Ya kurudi jitegemee.

Hesabu hii niliianza mwaka 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka na wakulima wa Singida na Dodoma wakabaki na magunia ndani. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Ana ekari kumi na mbili upande wa Kongwa, na mwaka ule alikuwa amezilima zote alizeti kwa sababu msimu uliotangulia bei ilikuwa ya kumlevya mtu. Jioni moja tumekaa nje, akaniuliza: "Hivi shemeji, nchi inaagiza dizeli kwa dola, sisi huku tumekalia mafuta hayana mnunuzi. Kwa nini tusiyatie kwenye injini, yaishe?"

Si swali la kijinga. Wamelijibu watu wenye shahada na mitaji mikubwa, na wengi wao walikosea, tena kwa mabilioni. Kwa hiyo nilimwambia anipe muda.

Kwanza, injini inakubali

Tuanze na upande ambao shemeji ana haki. Injini ya dizeli haina ugomvi na mafuta ya mbegu. Kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na inasemekana wengi waliopita pale hata hawakugundua tofauti. Diesel mwenyewe miaka kumi na mbili baadaye aliandika kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na umuhimu mkubwa, hasa kwenye makoloni. Yakumbuke hayo mawili, karanga na makoloni, maana Kongwa tutarudi.

Tatizo la alizeti mbichi ni uzito wake. Dizeli ni nyepesi, hupita kwenye noseli kama ukungu. Mafuta ya kula ni mazito, hutoka kama matone, hayaungui yote, na baada ya muda noseli huziba na ringi hushika masizi. Injini kuukuu za mashine za kusaga, zile zinazozunguka polepole na kusikika kijiji kizima, huvumilia. Gari la kisasa lenye pampu ya kompyuta halivumilii.

Dawa yake ipo, na yeyote aliyewahi kutengeneza sabuni nyumbani ataielewa haraka. Unachukua mafuta, unayachanganya na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda, unapasha moto kidogo huku unakoroga, kisha unaacha yatulie. Chini inakaa gliserini, nzito na nyeusi kidogo. Juu yanabaki mafuta mepesi yenye rangi ya asali: hiyo ndiyo bayodizeli. Kwa kila kilo 100 za mafuta unahitaji kama kilo 11 za methanoli zinazomezwa na mmenyuko wenyewe, na viwandani huweka zaidi kisha huivuna ile ziada. Ukikosea vipimo, au maji yakiingia, unapata sabuni kweli, pipa zima. Ila methanoli hiyo nayo huku kwetu inaagizwa. Yaani hata ukikwepa meli ya dizeli, kuna meli nyingine ndogo bado unaisubiri.

Halafu inakuja hesabu ya nchi

Nitatumia lita bilioni 2 za dizeli kwa mwaka. Ni namba ya mviringo ya kukokotolea, haipishani sana na ukubwa wa matumizi ya Tanzania, na ukitaka kuipunguza au kuiongeza kidogo jibu halitabadilika sura. Lita ya bayodizeli ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 au 9 ukilinganisha na dizeli ya kisima, ile ya kuchimbwa ardhini, kwa hiyo tutahitaji lita bilioni 2.2.

Hekta moja ni ekari mbili na nusu hivi. Kwa mavuno ya tani moja kwa hekta, ambayo ndiyo hali ya wakulima wetu wengi na wapo wasioifikia, na kwa mashine zetu ndogo za kukamua, hekta hutoa lita 280. Gawanya. Unapata hekta milioni 7.9 hivi.

Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311. Singida ina 49,341. Ukiijumlisha mikoa yote miwili unapata hekta milioni 9 na kidogo. Kwa hiyo ili magari na mitambo ya dizeli ya nchi hii iende kwa alizeti peke yake, ingebidi tupande alizeti kwenye zaidi ya asilimia 85 ya Dodoma na Singida: juu ya vilima vya Mpwapwa, kwenye vichaka vya Itigi, kwenye bwawa la Mtera, viwanja vya Ihumwa, Bunge lenyewe na bustani zake. Na hapo bado hujagusa petroli, mafuta ya ndege, wala gesi ya kupikia.

Mtaalamu wa kilimo atanikatisha hapa, na ana haki. Atasema mbegu chotara zikipata mbolea na nafasi sahihi hutoa tani mbili kwa hekta na kuzidi, na kiwanda kikubwa kinachotumia kemikali hutoa karibu mafuta yote yaliyomo kwenye mbegu, asilimia 40 ya uzito. Sawa. Tumpe vyote viwili bila kubishana. Hekta sasa inatoa lita 870, na mahitaji yanashuka hadi hekta milioni 2.5. Mahindi, zao ambalo nchi nzima inalala na kuamka nalo, yanachukua kama hekta milioni 4. Unataka eneo linalozidi nusu ya mahindi yote ya Tanzania, lilimwe kwa ustadi ambao bado hatujaufikia hata kwenye mahindi yenyewe.

Ukweli unaouma zaidi uko jikoni. Mahitaji yetu ya mafuta ya kula yanazidi tani 500,000 kwa mwaka, na kwa miaka mingi uzalishaji wa ndani haujafika nusu ya hapo. Pengo linazibwa na mawese ya Malaysia na Indonesia. Dizeli tunayochoma kwa mwaka ni kama mara tatu ya mafuta yote ya kula tunayohitaji. Hatujaweza kukaangia vitumbua vyetu kwa alizeti yetu, halafu tunaitazama barabara.

"Lakini ardhi tunayo"

Hili ndilo jibu utakalosikia kwenye kila mjadala. Hutajwa hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo, ambazo sehemu yake ndogo tu ndiyo inayolimwa. Namba hiyo imesemwa mara nyingi kiasi kwamba sasa inatembea yenyewe. Kinachosahaulika ni kwamba ndani yake kuna malisho, kuna misitu ya kuni na asali, kuna mashamba yaliyopumzishwa, na kuna njia za mifugo ambazo hazimo kwenye ramani yoyote lakini kila mfugaji anazijua kwa miguu. Waulize watu wa Kiteto, mpakani na Kongwa, kama kuna ardhi ya bure. Wamezikana kwa sababu ya ardhi ambayo kwenye karatasi ilikuwa tupu.

Na kwa huku kwetu, kinachopungua hata si hekta. Ni maji. Dodoma hupata milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, zote zikiwa zimebanwa kati ya Desemba na Aprili, tena zinakuja kwa kiburi: wiki moja mafuriko, wiki tatu jua. Ndiyo maana Mgogo halisi alishikamana na uwele na mtama, mazao yanayojua kusubiri. Alizeti nayo inajua kusubiri kiasi, mzizi wake huenda chini sana, lakini haina muujiza. Ikikosa maji wakati wa kuchanua, kichwa kinakuwa kikubwa na mbegu zinakuwa pepe.

Hili somo la mvua na ardhi tupu lilishafundishwa hapahapa, na mwalimu alikuwa ghali.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yanagawiwa kwa kadi, siagi ya kupaka mkate haitoshi. Mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akapita juu ya Tanganyika kwa ndege, akaona mapori yasiyo na watu, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga, tukamue mafuta. Wataalamu wakatumwa, wakazunguka wiki chache, wakarudi na ripoti nzuri. Mpango ukawa ekari milioni 3 na robo, na Kongwa ikachaguliwa kuwa pa kuanzia. Mwaka wa kwanza, 1947, walitaka ekari 150,000 zilimwe. Walizopanda hazikufika 10,000.

Ukienda Kongwa leo, mwombe mzee yeyote akuoneshe udongo wakati wa kiangazi. Chukua jembe ujaribu. Mvua zikinyesha ule udongo mwekundu ni laini, unakubali mzizi, unakubali kila kitu. Mvua zikikatika unakauka na kuwa kama sakafu ya saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Wakati wa kuvuna ukafika, ardhi imeshajifunga, karanga zimo ndani kama zimejengewa. Majembe ya trekta yakachakaa kwa mchanga mkali uliomo kwenye udongo huo. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vikakwama kwenye mibuyu na vichaka vya miiba. Alizeti nayo ilijaribiwa, ukame ukaitandika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mradi, zaidi ya paundi milioni 35 zikiwa zimeteketea. Kilichobaki Kongwa ni majengo ambayo baadaye yalihifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na nyasi za ranchi ya taifa, ambako ng'ombe wanafanya kazi ambayo ardhi ile ilikuwa ikiijua tangu zamani.

Naikumbusha hadithi hii kwa sababu miaka sitini baadaye tuliirudia karibu neno kwa neno. Kati ya 2005 na 2010, mafuta ya kisima yalipopanda bei duniani, wawekezaji wa Ulaya walimiminika kutafuta ardhi ya mbono. Mbono huku kwetu ni mti wa uzio, na wengine huuita mbono kaburi kwa kuwa hupandwa makaburini. Mbuzi hali, ng'ombe hali, haufi kwa ukame haraka. Wakaahidi kwamba utamea kwenye ardhi mbovu na kutoa mafuta mengi. Nusu ya ahadi ilikuwa kweli. Unamea. Kutoa mafuta mengi ni habari nyingine: mti unaoishi kwa kiu huzaa kwa kiu. Matunda yake hayaivi pamoja, kwa hiyo mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara nne, mara tano. Mashudu yake ni sumu, huwezi kumlisha hata kuku. Kampuni ya Waingereza iliyochukua maelfu ya hekta Kisarawe ilifilisika mwaka 2011, ile ya Waholanzi kule Kilwa ilikuwa imeshaanguka kabla yake, na wanakijiji wakaachwa wakiulizana ardhi yao sasa ni ya nani. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, wakati wageni wengi walikuwa tayari wanafunga mizigo.

Mwenye mashine hakunipa hata dakika mbili

Nilirudi Kibaigwa kumuuliza mtu ambaye riziki yake ni kukamua. Mashine yake inazungushwa na mota ya umeme wa njia tatu. Nyuma ya banda, chini ya turubai, kuna injini ya dizeli ya akiba, kwa siku ambazo umeme umekatika na foleni ya wateja imefika barabarani. Nikamuuliza: siku hizo unaitilia nini?

"Dizeli, ya sheli."

Na pale miguuni kwake kulikuwa na mapipa manne ya alizeti.

"Kaka, hii lita nauza elfu tano na zaidi. Dizeli haijafika elfu tatu. Nichome elfu tano ili niokoe elfu tatu?" Akacheka, akaendelea kushindilia mbegu.

Ukiziacha hekta na mvua pembeni, hapo ndipo wazo la shemeji linapofia. Mafuta yanayofaa kuliwa yatanunuliwa na mwenye njaa kabla ya mwenye gari. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta ya magari, hutangaza bei kikomo, na sijawahi kuona mwezi ambao lita ya dizeli imeipita lita ya alizeti. Ili bayodizeli ilipe bila ruzuku, moja kati ya haya litokee: ama dizeli ipande hadi tushindwe wote kusafiri, ama alizeti ishuke hadi mkulima aache kuilima. Mwaka 2023 ilishuka, na hata hivyo haikufika huko. Wakulima walianza kuikimbia kabla.

Wanaofanikiwa wana nini?

Mtu atataja Brazili, na lazima atajwe. Tangu 1975 Wabrazili wana mpango wa taifa wa kuchanganya petroli na ethanoli ya miwa, na leo hakuna petroli ya kawaida kule isiyo na zaidi ya robo ya ethanoli ndani. Miwa ni mnyama mwingine kabisa. Hekta iliyotunzwa hutoa tani 70 au zaidi, na kila tani hutoa lita 80 hivi za ethanoli. Unafika karibu lita 6,000 kwa hekta. Hata ukikumbuka kwamba ethanoli ina theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli, bado alizeti haiwezi kusimama nayo jukwaa moja. Mabaki ya miwa yenyewe huchomwa kuendesha kiwanda, kwa hiyo huhitaji kununua moto.

Nilipiga hesabu ya petroli kwa miwa, nikichukua lita bilioni moja na nusu kwa mwaka. Zinatoka hekta 380,000 hivi. Haichekeshi kama ya alizeti. Nchi yenye nia inaweza kuiota. Lakini hizo ni mara kadhaa ya mashamba yote ya miwa tuliyonayo, kuanzia Kilombero na Mtibwa hadi TPC na Kagera. Na miwa hutaka milimita 1,500 za maji na kuendelea. Dodoma ingelazimika kuikopa mvua ya miaka mitatu ili ivune mwaka mmoja. Kwa hiyo hili ni swali la mabonde ya Kilombero na Rufiji, ambako maji yana wenyewe tayari: mpunga, tembo, na mitambo ya umeme.

Marekani ni mfano unaotisha zaidi. Kule zaidi ya theluthi ya mahindi yao yote, na hawa ndio wakulima wakubwa wa mahindi duniani, huishia kwenye viwanda vya ethanoli. Ukiingia kituo cha mafuta, ile ethanoli ni kama asilimia 10 tu ya petroli. Shamba lile lote, sehemu moja kwa kumi.

Jani ni mvivu

Kwa nini inakuwa hivi kila mahali? Kwa sababu mmea haukuumbwa kuwa kiwanda cha mafuta. Jua la Dodoma, unalolijua usoni mwako, humwaga juu ya kila mita ya mraba uniti 2,000 na zaidi kwa mwaka. Naziita uniti kwa maana ileile ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla: uniti moja ni kilowati-saa moja. Hekta moja hupokea uniti milioni 20. Lita 280 za bayodizeli zina uniti 2,600 hivi. Katika kila sehemu 7,000 na ushee za jua lililoshuka shambani, sehemu moja imeingia kwenye dumu. Nyingine imepotea ardhi ikiwa kavu miezi saba, nyingine imejenga shina, jani, mzizi, nyingine imerudi angani. Na ukilitia hilo dumu kwenye injini, theluthi mbili ya kilichobaki hutoka kama joto la rejeta na moshi.

Hekta hiyohiyo ukiitandaza paneli za sola, ukaacha nafasi za kupita kati ya mistari, hutoa uniti laki nane kwa mwaka bila kusubiri Desemba. Ni kama mara 300 ya alizeti. Sisemi tung'oe alizeti tupande vioo, vioo haviliwi. Nasema kama shida ni nishati, basi jani ni njia ya mzunguko mno.

Na mzunguko huo tunauona ukikatwa mbele ya macho yetu. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 haina tenki la dizeli. Inavuta umeme wa waya, na sehemu kubwa ya umeme huo ni maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Abiria mia kadhaa wanafika Dar bila ekari hata moja kuvunwa.

Mimea tayari inaendesha nchi

Cha ajabu ni kwamba watu wanauliza kama Tanzania inaweza kuendeshwa kwa mimea huku ikiwa tayari inaendeshwa. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote tunayotumia ni kuni na mkaa. Hiyo nayo ni nishati mimea, ila haina semina. Na inatuonesha gharama ya kuitegemea: tanuri la udongo la porini huchukua kilo saba, nane, mara nyingine kumi za mti na kurudisha kilo moja ya mkaa. Barabara ya Kondoa ina magunia yake, ya Manyoni ina yake, na miti inarudi nyuma kila mwaka. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Hapo ndipo ningependa kuona akili zinazopotezwa kwenye bayodizeli zikielekezwa, kwa sababu jikoni ndiko mabaki ya shamba yana kazi.

Maganda ya alizeti, kwa mfano. Viwanda vikubwa vya Singida huyachoma kwenye boila kupasha mbegu moto, na yanayobaki yanaweza kushindiliwa kuwa mkaa mbadala. Kule Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kugeuzwa gesi na umeme. Mkonge hutoa singa asilimia chache tu ya uzito wake, mengine yote ni tope lililokuwa likitupwa. Samadi nayo: ng'ombe wawili waliofungiwa bandani hutoa kilo 25 hivi kwa siku, na hiyo ni gesi ya kuwasha jiko saa mbili na zaidi. Ila ng'ombe wa Ugogo hafungiwi. Anashinda porini akigawa samadi yake bure, jioni ndiyo analeta masalio zizini. Na mtambo unataka maji sawa na samadi, ndoo kwa ndoo. Mama anayechota maji kilomita tatu hatamwagia mtambo ndoo mbili kila siku ili aokoe mzigo wa kuni. Atafanya hesabu ya mgongo wake, na atakuwa sahihi.

Kuna sehemu moja tu ambapo hesabu ya mafuta ya shambani inanikubalia kabisa, na niliipata nikikumbuka maksai. Zamani mwenye jozi ya ng'ombe wa kulimia alijua kwamba sehemu ya shamba ni ya ng'ombe: mabua yake, pumba zake, nyasi za kando. Trekta lilipokuja, likahamishia chakula hicho bandarini Dar. Je, linaweza kurudishwa kula shambani? Kulima, kusawazisha, kupanda na kusomba mavuno, hekta hutumia lita 40 hivi za dizeli. Hekta ya alizeti inatoa 280. Kwa hiyo hekta moja katika kila saba ingetosha kulimia zote, hata kwa mavuno haya haya duni na mashine hizi hizi za Kibaigwa. Mbali na barabara ya lami, ambako dizeli hufika kwa madumu juu ya bodaboda na bei ikiwa imeshapanda njiani, jambo hilo linaanza kuwa na maana. Shamba linaweza kulilisha shamba. Linaposhindwa ni pale unapolitaka lilishe na Kariakoo.

Nikampigia shemeji. Nikamwambia kwa ekari zako kumi na mbili, ukitenga moja na robo tatu, umemaliza habari ya mafuta ya trekta msimu mzima.

Akanyamaza kidogo. "Trekta lipi, shemeji? Mimi nakodi."

Nikamshauri basi azungumze na mwenye trekta, wakubaliane alipwe kwa mafuta ya alizeti badala ya hela.

"Lile trekta bado ni la mkopo," akasema. "Nikimpelekea dumu la alizeti atalipeleka kwa mkewe akaangie samaki. Pesa ya kulima ataidai palepale."